Futi Mbili kwa Tatu

Kioo hiki hakibebwi na mtu mmoja.
Fundi Mutinda alituonya akikifunga kwa blanketi kuukuu:
"Mmoja mbele, mmoja nyuma, na msigombane njiani."
Basi tumetoka Kayole saa kumi na mbili kasoro,
mimi na mwanangu Ombasa,
kila mtu na ukingo wake,
maana pesa ya mkokoteni ndiyo iliyonunua kioo.

Siku kumi na nne.
Barua ilisema amesimamishwa masomo,
lakini katika chumba chetu kimoja
hakuna nafasi ya kusimama.
Aliketi.
Aliketi kando ya cherehani yangu
akishona vifungo vya mashati ya wenzake,
mashati ya shule ileile,
kola ya kijani, nembo mfukoni.
Sindano ilimchoma, akanyonya kidole.
Nikajifanya natafuta uzi.

Wiki ya kwanza niliongea naye kwa vyombo tu:
sufuria chini, pa!
kikombe mezani, ko!
Baba yake akapiga simu kutoka machimboni Mlolongo
akauliza jiwe lilikuwa kubwa kiasi gani.
Mtu wa mawe huuliza mawe.
Wala mimi sikuwa nimeuliza
ni neno gani lililotangulia jiwe.

Nililisikia usiku wa tisa, stima zilipopotea,
gizani, mahali ambapo uso haumsaliti mtu:
maneno ya mwalimu wa zamu mbele ya darasa zima
kuhusu karo yetu,
na viatu hivi, na mama anayeshonea watoto wa watu.
Alisema yote kwa pumzi moja.
Kosa lilibaki kosa.
Ila sasa nilijua lilikozaliwa.

Msiniulize kama majirani walicheka.
Walicheka.
Lakini Wanza wa nyumba ya chini
alipitisha daftari zake chini ya mlango kila jioni.
Hakusema pole. Alisema, "Kesho ni logi,
na ukurasa wa pili umeingia chai."
Na Bi Chelagat, yule wa ushauri, alipiga simu mara mbili.
Mara ya pili aliuliza, "Na wewe, mama, unalala?"
Nikaitazama simu
kama iliyokosea namba.

"Mama, polepole."
"Wewe ndiye unayekimbia."
"Sikimbii."
Mtaro, ubao mwembamba juu yake.
Tunasimama. Tunabadilishana pande.
Blanketi linateleza, jua linaingia kiooni,
linamchoma macho muuza viatu ng'ambo ya barabara,
naye anatutukana tusi refu, la kupangwa,
lenye ukoo mzima ndani yake.
Tukacheka.
Ilibidi tukiweke kioo chini kwanza.

Getini, bawabu Lokwawi aliandika kitabuni:
mwanafunzi mmoja, mzazi mmoja, kioo kimoja.
Akauliza kama kioo nacho kina barua.

Nilikuwa nimejiandaa kusimama.
Mara ya mwisho nilisimama saa nzima mbele ya ile meza,
nikiomba msamaha hata kwa mambo ya ukoo.
Bi Chelagat akavuta kiti. Akavuta cha pili.
Akauliza mtoto ataanzia wapi, hisabati au kemia,
na nani atamtazama wiki hii ya kwanza
wengine watakapoanza kumwita Jiwe.
Akaandika jina lake mwenyewe hapo.

Mwalimu wa zamu aliingia, akaona kioo.
Hakuomba radhi. Sitadanganya.
Alishika tu ukingo uliokuwa ukiyumba,
akamwambia Ombasa, "Inua kwako kidogo,"
na Ombasa, baada ya muda niliouhesabu,
akainua.

Kengele. Akaenda darasani bila kugeuka,
kidole chake kimefungwa kitambaa cha kijani.
Nami nikabaki barazani na blanketi,
mikono bado imepanuka futi mbili,
haijui kushuka.