Risasi, kwa Maana ya Pili

Kamukunji, kabla ya saa mbili, nyundo hazijapatana bado,
kila moja inagonga habari yake.
Nayeyusha vizito vya magurudumu
nilivyonunua kwa kilo kwa vijana wa gereji, Kirinyaga Road.
Leso puani, mgongo kwa upepo,
chupa ya maziwa chini ya benchi.
Wanasema maziwa huosha moshi kifuani. Siamini.
Nayanywa hata hivyo.

Risasi ikiiva hufanya ngozi ya kijivu.
Naiengua kwa kijiko ambacho hakitarudi jikoni,
namimina kwenye kalibu, nahesabu hadi kumi na tano kwa Kikamba,
maana kwa Kiswahili huwa naenda mbio.
Inatoka timazi: ncha, kiuno, tako bapa,
nzito kuliko inavyoonekana,
kama salamu ya mama mkwe.

Lakini kazi yenyewe ni kofia.
Kikombe cha shaba, upana wa kidole gumba,
kinachovaa tako na kushika uzi katikati.
Kikilegea, uzi unahama,
na ukuta mzima unadanganywa toka msingi.
Kwa hiyo huzikata za kubana.
Wiki hii nimebana mno:
kofia arobaini, hakuna inayokubali.
Nikigonga, shaba inaimenya risasi kama muwa,
kisha inakaa upande, kofia ya mlevi.

Nzioki aliyenifundisha angetukana kwanza,
halafu afikiri.
Mimi nilifikiri kwanza, halafu nikatukana.
Nikazichoma hadi wekundu wa nyanya,
nikazitia majini. Shaba si chuma,
ukiishtua hivyo inalainika.
Nikapanua midomo yake kwa msumari mnene,
kiasi cha unywele, si zaidi;
nikaweka moja, nikaiegemeza kiganja,
nikaisukuma kama unavyomvisha mtoto shule sweta ya mwaka jana.
Ikaingia.
Tk.
Sauti hiyo, kati ya nyundo zote zile,
niliisikia peke yangu.

Nilipofika ya kumi na tisa, kivuli kikasimama juu ya trei.
Afande, kijana, viatu vimeng'aa kupita kiasi kwa matope yetu.
"Mama, hivi ni nini?"
"Risasi," nikamjibu,
na ulimi wangu ukajua kosa kabla yangu.
Mkono wake ukashuka kiunoni.
Jirani yangu wa masanduku akaacha kugonga.
Wa jiko akaacha.

Ningemweleza nini?
Kwamba kaka yangu Mutisya alilaliwa na ukuta,
ghorofa ya tatu, mjengo wa haraka,
fundi amepima kwa jicho?
Kwamba mwana wa Akelo, mlango wa pili,
alitoka kununua mkate?
Matanga mawili mwezi mmoja, turubai lile lile, viti vile vile.
Mmoja alikosa risasi.
Mwingine risasi haikumkosa.

Sikusema hayo.
Nilichukua timazi ya kumi na tisa, nikaifunga uzi,
nikanyoosha mkono kati yake na mimi.
Ikacheza. Ikapunguza. Ikatulia,
ncha ikiuliza ardhi swali moja.
Afande akainama, akafunga jicho,
akaulinganisha uzi na ukuta wa choo cha soko nyuma yangu,
ule tuliouzoea miaka saba.
"Umelala," akasema.
"Umelala," nikasema,
"upande wa mto."

Akakaa kimya, akiutazama ukuta
kama mtu aliyeambiwa siri asiyoiomba.
Nyundo moja ikarudi, kwa woga. Ya pili.
Akaishika timazi, akajaribu kofia kwa kucha, kuing'oa,
haikung'oka.
Akajaribu tena, kwa nguvu zaidi,
nami nikamwacha, kwa sababu nilijua.

"Nina kiploti Joska," akasema, sauti ya chini,
si sauti ya sare.
"Hii ni pesa ngapi?"