Sili

Karatasi ilifika na Mwalimu Nerea
ndani ya rejista ya darasa la tano:
mistari thelathini ya majina,
na nafasi ya dole gumba kwa asiyeandika.
Ombi kwa serikali za nchi za barafu,
waache kuua sili kwa biashara ya ngozi.

Dunga, asubuhi, omena bado mbichi juu ya nyavu.
"Sili?" akauliza Miruka. "Huli nini, Mwalimu?"
Tukacheka hadi karai zikalia.
Mwalimu hakucheka. Alichora mchangani kwa kijiti
kichwa cha mbwa asiye na masikio,
mwili kama gunia la mtama lililofungwa vibaya,
na kando yake mtoto wa wiki chache,
manyoya meupe yakianza kupukutika.
"Huyu hupigwa rungu la kichwa," alisema,
"ngozi isije ikatoboka."

"Na huko kwao anakula nini?"
"Samaki."
"Basi ni mwizi. Kama huyu wetu."
Akanyoosha kidevu nyuma ya banda,
pale ngozi ya fisi maji ilipowambwa ubaoni,
misumari kumi na miwili, tumbo limeelekea jua,
kahawia, ina mng'ao wa chai ya rangi.
Mnunuzi huja Alhamisi kwa pikipiki.
Halipi vibaya.

Mimi ni karani wa mizani, kazi yangu kuandika kilo,
lakini siku ile nilipima majina.
Yule wa barafu tumemwita kwa kiapo:
sili, sikuiba, nipekueni.
Huyu wa mafunjo tumemwita fisi
na kesi ikaishia hapo.
Nani atasimama kumtetea fisi, hata awe wa maji?
Jina limemtangulia kizimbani,
rungu linamsubiri mlangoni.

Mama Pesila alikuwa akigeuza mgongo wazi katika mafuta.
Akainua mmoja kwa koleo:
kichwa, uti, mkia,
na katikati upepo.
"Miruka. Huyu aliliwa na nani?"

Mafuta tu yaliyojibu.

"Fisi maji akila, hula na miiba.
Huyu alipitiwa na kisu chembamba, nyama ikapanda ndege,
mimi nikauziwa pengo."
Akafuta mkono kwenye leso, haukufutika,
akagandamiza dole gumba juu ya karatasi,
mafuta yakatambaa hadi jina la juu yake.
"Mama, hii inaenda serikalini!"
"Waache wanuse."

Hapo ndipo Rapudo, mtoto wa Miruka,
aliyekuwa amechuchumaa akiutazama mchoro
huku mawimbi madogo yakila mkia wa sili,
akasema: "Mwalimu, na yule wa nyuma ya banda?"
Mwalimu akaipekua fomu juu na chini.
Haikuwa na mstari wake.
Mtoto akaigeuza. Kwa penseli iliyotafunwa akaandika,
herufi zikipanda kilima:
NA FISI MAJI PIA.
Baba yake aliangalia ziwani
kama mtu anayehesabu gugu maji.

Nilitia sahihi. Miaka kumi na mmoja nimeshika mizani,
nimeandika malori yaliyoondoka na barafu ikidondoka njiani,
sijawahi kuandika kilo moja
iliyobebwa na mnyama mwenye masharubu.

Barua ilikwenda. Jibu halijaja.
Mwalimu ameambiwa huko wana baridi na taratibu ndefu.

Alhamisi pikipiki ilikuja, ngozi ikaenda nayo.
Nisiseme uongo ili shairi linoge.

Ijumaa nilimkuta Miruka mbele ya ubao mtupu
aking'oa misumari, mmoja mmoja,
akiinyoosha kwa jiwe, akiitia mfukoni.
Sikumuuliza ya nini.
Misumari ni ghali siku hizi.
Nilihesabu tu, kwa mazoea ya kazi:
kumi na mmoja.
Wa kumi na mbili ulikuwa mkononi mwake
na alikuwa ameusahau.