Mwaka Sifuri

Mwenyekiti amevua miwani.
Kalamu yake inagonga matokeo yangu
pale juu kabisa, kabla ya mwaka wa kwanza.
"Binti Ng'wasi, na huu? Huu ni mwaka gani?"

Kule Malimbe tuliuita mwaka sifuri.
Tulikuwa thelathini na mmoja, chumba cha nyuma ya karakana,
wenye E ya Kemia, wenye F ya Hesabu,
na Lugata, aliyefanya mtihani wiki ileile aliyomzika mama yake.
Waliopita moja kwa moja walituita viporo:
tumelala, tunapashwa moto.

Kiwandani Igogo, kwenye minofu ya sangara,
afisa aliniuliza swali hilihili.
"Kozi ya miaka mitatu, wewe minne. Ulirudia?"
Nikasema karatasi imekosewa kuchapwa.
Simu hawakupiga mpaka leo.

Leo sisemi hivyo.

Nasema: mwaka ule, Mwalimu Bulemela
alitufundisha kuinama
hadi jicho likae sawa na mstari wa pipeti.
Wiki tatu, kuinama tu.
Alitufundisha kuandika "sijui" kwa wino,
kwa sababu ya penseli hufutwa na aibu.

Nasema: mnaona utafiti wangu, maji ya Mto Mirongo
pale yanapoingia ziwani, chini ya magugumaji.
Takwimu za miezi miwili nilizitupa.
Chupa hazikusuuzwa vizuri, na nilikuwa nimezisuuza mimi.
Nikaanza upya, mvua zikiwa zimeshakaribia.

Mwenzangu tuliyechota naye hakutupa zake.
Yuko Dodoma sasa, ana meza na kiyoyozi.
Hilo nalo siwafichi.

Mjumbe wa kushoto, mama mwenye kilemba cha kijani,
anatabasamu kidogo: "Kwa hiyo wewe ni kiporo?"
Nami mdomo unanitangulia:
"Maharage, mama. Ya jana."
Anacheka. Mwenyekiti hacheki.

Nje, ziwa limemeta kama bati jipya;
mtu anaponda kokoto, kong, kong,
haulizwi na yeyote nyumba yenyewe iko wapi.

Mwenyekiti amevaa miwani.
Ameandika kitu ukingoni mwa karatasi.
Kutoka upande huu wa meza sikisomi.
Ni kifupi.
Chaweza kuwa neno.
Chaweza kuwa namba.