Uzi Mwekundu wa Ingerlise

Torkild alifungua buti la gari kama sonara:
fimbo tisa za majaribio, kila moja ndani ya soksi yake,
na roda ndogo zinazolia tiki-tiki ukizizungusha.
"Chagua," akasema. "Duka linazitaka Jumatatu, kavu, bila mkwaruzo."

Mimi ni mtu wa chubwi.
Miaka arobaini nimesimama kwenye changarawe hii ya Als
nikirusha risasi nzito mpaka nisione inapodondokea,
kisha naketi juu ya ndoo, namenya yai, nangoja.
Uvuvi kwangu ulikuwa namna ya kukaa.

Fimbo hii haitaki mtu akae.
Chambo chake si chambo, ni manyoya mawili na uzi,
hakina uzito wa kukifikisha popote.
Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene, rangi ya limau,
nao sharti uende nyuma kwanza ndipo uende mbele.
"Uache unyooke mgongoni kwako," anasema Torkild.
"Usiutazame. Usikilize."

Samaki mkunje angali mbichi,
nami ni mkavu wa miaka sitini na miwili.
Mara ya kwanza mshipi ulinivisha shada la shingoni.
Mara ya pili ndoano ilichukua kofia.
Mara ya tano, upepo ukivuma toka bega la kulia,
nilimvua Torkild, sikio la kushoto.
Akanyamaza. Akaitoa kwa koleo.
Akaenda kuvulia mbali.

Ni Mei. Mashamba nyuma yetu yamechanua manjano mpaka ukingoni,
na chuchunge wamefika.
Unawaona wakipita juu ya mwani, fedha nyembamba,
midomo kama sindano za kufumia.
Wanayafuata manyoya yangu, wanayagonga, wanayaacha.
Mdomo wa mfupa; ndoano haina pa kushika.
Kutwa nzima niligongwa hivyo,
kama mlango wa nyumba iliyohamwa.

Usiku nikakumbuka neno la Vagn, tulipokuwa mafundi wa feri:
kwamba chuchunge hanaswi, anajifunga mwenyewe.
Nikafungua kikapu cha dada yangu Ingerlise.
Hariri nyekundu, ile anayodarizia kitambaa cha ubatizo
cha mtoto ambaye bado hajazaliwa, na daktari ameshasema tusubiri.
Nikakata urefu wa mkono. Nikasita.
Nikakata mwingine.

Alfajiri, bila ndoano: kitanzi tu cha uzi, kikitanuka majini.
Nilirusha vibaya. Nilirusha vibaya tena.
Kisha, sijui mkono ulifanya nini,
nyuma yangu nikasikia kitu kama shuka linalokung'utwa,
nikangoja,
nikapeleka mbele,
na mshipi ukaenda.
Ukaenda, bwana.
Ulilala juu ya maji bila kuyaamsha.

Akaja. Akauma. Sikuvuta; nilimlegezea
auchanganye uzi na vijino vyake, auzongezonge,
halafu fimbo ya duka ikajikunja mpaka kwenye kiganja changu
na samaki akaruka wima, akatembea kwa mkia wake,
na nilicheka peke yangu kwa sauti, mtu mzima.

Kumpigania dakika nne.
Kumfungua dakika ishirini,
kwa mkasi wa kushonea, nikiwa nimepiga magoti,
uzi kwa uzi, jino kwa jino,
na magamba yakanikaa kwenye miwani.

Jioni nilimkaanga kwa siagi.
Ukimbanjua, mifupa yake ni ya kijani,
kijani cha chupa, kila mwaka nashtuka upya.
Ingerlise aliipanga ukingoni mwa sahani, mmoja mmoja, hakusema kitu.
Kisha akakivuta kikapu, akaunusa uzi uliobaki.

"Umechukua kiasi gani?"

"Mikono miwili."

Akaupima kwa macho, akaupima tena kwa kidole,
akatunga sindano.
"Utatosha," akasema, "kama ni msichana."
Sikuelewa hesabu hiyo. Sikuuliza.
Nje Torkild alikuwa anazifuta fimbo,
moja, mbili, nane,
anahesabu tena.