Mwiko

Mume wangu Shaame hajapata kumkunjia mtu goti,
lakini chuma hukikunja.
Miezi miwili, kila baada ya alasiri,
uani kwetu Wete, miwani nyeusi machoni,
akiunga tela.

Fremu ilikuwa kitanda cha hospitali kilichotupwa.
Bawaba nne: mbili za geti la skuli,
mbili za friji ya marehemu shangazi.
Matairi ya toroli la maji.
"Likikunjwa," akaniambia, "litasimama nyuma ya mlango
kama ufagio."

Ufagio gani, Shaame, wenye magurudumu?
Nyumba yetu ni vyumba viwili na ukumbi wa kupishana ubavu;
mgeni akiingia, mmoja wetu hutoka.
Lakini lilisimama kweli nyuma ya mlango,
na usiku nikienda msalani
likinishika kanga.

Yote hayo kwa ajili ya kiboti,
kiboti cha mpira, cha kupuliza, rangi ya ndizi mbivu,
alichokipata kwenye mitumba ya kontena
kwa bei ya magunia mawili ya mbata.
Pampu haikuja nacho.
Tukakijaza upepo mjini, kwa Khatoro wa pancha,
na chenye upepo hakikunjiki,
na kisichokunjika hakiingii garini.
Hapo ndipo nilipolielewa tela,
kidogo.

Ijumaa baada ya sala tukaondoka:
mie, yeye, watoto watatu, hema, birika,
sufuria, na mwiko wangu wa mfenesi
alionipa mama siku ya harusi.
Gari ya kuazima, ya shemegi Mbwana,
ilishawahi kufika Konde mara moja tu, tena kwa dua.

Pale Konde mtu akatupigia kelele kutoka barazani:
"Mnapeleka boti baharini?
Kisiwani hapa, wapi si baharini?"

Ndani ya msitu wa Ngezi, penye mizizi,
nikasikia kitu kikisema ta!
Shaame akasimamisha gari.
Tela limejikunja.
Lenyewe, katikati ya njia, kwa adabu zote,
kama mkeka baada ya karamu,
na kiboti ndani yake kimebanwa kiuno
kinalia fiii.
Pini ya bawaba imechomoka.
Tuliitafuta kwa tochi ya simu,
popo wakitukemea juu.
Riziki, mwanangu wa pili, akaokota kifungo,
koa, na sarafu ya shilingi kumi.
Pini hakuna.

Shaame akakunja uso.
Miaka kumi na sita ndani ya ndoa, naijua mikunjo yake yote:
huu ni ule wa mtu anayetaka kulia
na anatafuta wa kumlaumu.

Nikafungua kikapu.
Mpini wa mwiko ukaingia kwenye tundu
kana kwamba lilitobolewa kwa kipimo chake.
"Huo mwiko wa mama yako," akasema.
"Najua."
"Kuutoa jikoni..."
"Ni mwiko. Najua. Endesha."

Vumawimbi tulifika isha imeshapita.
Kiboti kililegea upande mmoja, lakini kilielea,
na asubuhi watoto walizunguka nacho
mwisho wa maji ya kiunoni,
wakipiga makasia kama wanaotwanga.
Kasia moja nililiomba.
Nikalisugua kwa mchanga, nikasema bismillahi,
nikageuzia wali.
Wallahi.
Shaame alikula sahani tatu,
akauliza kama nimebadilisha mchele.

Sasa tela lina pini mpya, ya chuma,
na kamnyororo isipotee.
Mwiko umerudi jikoni. Una pete nyeusi shingoni,
grisi isiyotoka hata kwa limau.

Mama alipokuja juzi, aliushika, akaugeuza,
akalitazama tela nyuma ya mlango,
akautazama tena mwiko.
Akaunusa.
Kisha akafunua sufuria,
akaendelea na wali.