Mkebe wa A

Shangazi Shinuna aliandika mapenzi
nyuma ya bili za umeme zilizoharibika.
Mchana karani wa mita, ofisi ya Ruwi;
usiku mkunga wa watu waliokufa zamani:
binti wa mfua fedha wa Nizwa, mwaka wa nzige,
na kijana wa msafara mwenye kovu shingoni
ambaye kwa kurasa mia mbili na kumi
hakumgusa ila ncha ya shela.

Uongo aliupenda, lakini uwe na vipimo.
Ijumaa tulipanda basi dogo hadi Ibra,
tukaingia magofuni, mimi na kamba ya kupimia,
yeye akihesabu vidato kwa sauti:
kumi na tatu, na cha nne kimemeguka.
"Mpenzi," aliniambia, "hapandi ngazi isiyokuwapo."
Bei ya tende, rangi ya nili,
sabuni ya kipande ilifika lini Matrah:
aliwauliza vikongwe
mpaka wakimwona wakijifanya wamelala.

Mpiga chapa wake alikuwa Kurian, mtu wa Kerala,
chumba kimoja nyuma ya duka la matairi.
Kiswahili hakukijua hata salamu.
Alipanga herufi za risasi moja moja,
zimegeuka kama uso kwenye kioo,
akiyapanga machozi yetu kama misumari.
Ukurasa wa tisa akaweka kibanio chini,
akasema kwa Kiarabu chake cha sokoni:
"Bibi, A zimekwisha."

Kasha lile lilinunuliwa Bombay kwa lugha nyingine,
lugha isiyo na njaa ya A kama hii yetu.
Alimpenda: mbili.
Anakumbuka: tatu.
Hawataachana: sita, na ukurasa umefilisika.

Akarudi nyumbani amevimba,
akazima redio, akaanza kukata.
Nakupenda ikafutwa. Ikaja njoo.
Ikaja nipende, isiyodai hata A moja.
Ikaja rudi. Ikaja sisemi.
Mabinti wa vitabu vyake wakaacha kutangaza,
wakawa watu wa kukatiza maneno mlangoni,
viatu mkononi.

Miaka baadaye mhadhiri mmoja akaandika
juu ya "staha ya kale katika kalamu ya Bi Shinuna".
Alinisomesha mara mbili, akashika mbavu.
"Staha! Mwambie kasha lilikuwa dogo."

Vitabu tisa. Tanga walisomeana jikoni,
Dubai walivifunika kwa karatasi ya zawadi,
na mama mmoja wa Mombasa aliandika barua
akidai kijana wa msafara afufuliwe.
Hakumfufua.
"Wiki ile niligombana na jirani," alisema,
"ilibidi mtu afe."

Mashine mpya zilipoingia mjini,
zinazopiga picha ukurasa mzima kwa pumzi moja,
Kurian akafunga duka.
Alikuja na mkebe wa maziwa ya unga
uliokuwa mzito kupita maziwa.
Ndani A, mia nne, hazijaonja wino,
alizoziagiza Bombay, zikachelewa miaka sita.
Akasimama pale kizingitini akasema Kiswahili,
Kiswahili alichojifunza kwa vidole, kinyumenyume:
"Njoo. Rudi. Sisemi."
Hayo tu ndiyo aliyokuwa nayo.
Shangazi akaenda jikoni kuchemsha chai,
akakawia sana kwa chai ya mtu mmoja.

Sasa tuko Mabela. Macho yake yameingia ukungu,
anasema, mimi nachapa kwenye kompyuta
yenye A zisizokwisha.
Mkebe unazuia mlango usigonge.
Kitabu cha kumi: mjane, mwalimu wa chuoni,
wamekutana usiku, hakuna shahidi ila taa.
Namwambia, shangazi, hapa aseme. Aseme nakupenda.
Ananyamaza. Kiyoyozi kinazima, kinawaka tena.
"Wako kidato cha ngapi?"
Cha tatu, nasema.
"Mpandishe," anasema. "Ajikwae."