Mfuko wa Kitani

Kila Disemba mama yangu, Tserendolgor,
huchana nyama ya ng'ombe mikanda mirefu,
unene wa kidole gumba, usizidi,
akaitundika hemani kwenye kamba ya singa za farasi,
na huko nje, Govi, baridi inapasua mawe.
Hatii chumvi. Hafukizi moshi.
"Baridi ndiyo mpishi," husema. "Mimi namshikia kisu tu."

Ifikapo Machi nyama imekuwa ukuni.
Huitwanga,
na ng'ombe mzima akaenea
katika mfuko mmoja wa kitani.

Mifuko ya plastiki niliileta mimi.
Nilitoka nayo mjini, inang'aa, ina zipu,
nikakicheka kitani chake chenye viraka.
"Hiki kinapitisha vumbi, Mama."
"Kinapitisha pumzi," alijibu.
Akaipokea hata hivyo,
mkono wa mwana haurudishwi mtupu.

Mwaka huo theluji iliyeyuka mapema.
Nyama kavu nayo ina jasho lake,
na jasho lile halikuwa na pa kutokea.

Mtoto wa kaka, Dashnyam, alikunywa mchuzi jioni.
Kufika alfajiri alikuwa ametapika mpaka nyongo.
Pikipiki, kilomita sitini, kichwa chake mgongoni pangu
kikigonga, kikigonga,
hadi kwa muuguzi wa kwanza mwenye dripu.
Alipona. Naandika neno hili peke yake: alipona.

Kazi yangu ni kuosha vioo vya maabara.
Nilimwomba daktari aoteshe chembe mbili za unga ule.
Siku ya pili kisahani kilikuwa na madoa ya maziwa,
pete za kijani, vitongoji, barabara,
jiji lenye wakazi kuliko Ulaanbaatar.
Na nyama ile haikunuka!
Haikubadili rangi.
Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema;
hawakusema kama nguo yenyewe ni zawadi.

Nilirudi na karatasi ya majibu.
Mama alikwisha kuizika nyama, kina cha kiuno,
mawe juu, mbwa wasifukue.
Kinu kilikuwa juani. Kisu kilichemka sufuriani.
Hakuisoma karatasi.
Alikuwa anashona kitani kipya.

"Nitungie uzi," akasema.
"Macho yako yamewaona wasioonekana,
haya, yalione na tundu la sindano."